Tani Mia Nne na Kumi na Mbili

Bango la kitambaa lilitundikwa ukutani kwenye ngazi, mahali ambapo hata mtu mwenye haraka zake asingelikwepa. Juu kulikuwa na picha ya Jumba la Mikutano likiwa bado jipya, bendera za mataifa zikipepea mbele yake. Chini kulikuwa na maandishi manene: KATIKA WIKI MOJA TU, TANI 412 ZA TAKA ZILIONDOLEWA MJINI. MJI UKANG'ARA, DUNIA IKASHANGAA.

Mama Mizani alisimama ngazi ya nne akalisoma, kisha akalisoma tena. Miaka sabini na mitatu ilikuwa imeshamla magoti, ila macho yalikuwa bado ya karani, na karani hasahau jumla aliyoipiga mwenyewe.

"Shangazi, umechoka? Tupumzike kidogo?" aliuliza binti wa ndugu yake, aliyekuwa nyuma yake akimshikia mfuko.

"Sijachoka. Nasoma uongo wa watu."

Kusema kweli, mkono wake ulikuwemo katika uongo huo, na ndiyo sababu miguu ilikataa kwenda mbele. Miaka arobaini iliyopita, Ijumaa jioni, yeye ndiye aliyekaa na kalamu ya bluu akaijumlisha hesabu ile, akaikunja karatasi, akaipeleka ofisi ya mji. Hakujua kwamba ingekuja kutundikwa ukutani ishangiliwe. Serikali hupenda namba, maana namba haiombi maji, haina mtoto nyumbani, na haikuiti kwa jina lako.

Walikuwa wamekuja kwa sababu redio ilitangaza. Mkutano mkubwa wa mataifa ulikuwa unatimiza miaka arobaini, Idara ya Kumbukumbu inaandaa maonyesho, na kila mwenye kumbukumbu ya siku zile aliombwa ailete. Walichotaka ni picha za watu wanaocheka. Binti alikuwa na ugomvi wake na idara hiyo. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka arobaini na minne asiyependa maneno mengi, na tangu apate akili alikuwa akitafuta jambo moja tu: baba yake alipelekwa wapi. Ameandika barua nne. Amejibiwa barua nne, zote zina sentensi ileile, kana kwamba kuna mtu anayelipwa kuinakili: "Hakuna kumbukumbu yoyote ya maandishi inayoonyesha kwamba tukio hilo lilitokea." Majibu hayo aliyahifadhi kwenye droo ya cherehani, pamoja na sindano zilizovunjika.

Asubuhi hiyo shangazi yake alimwambia, "Vaa twende. Maandishi ninayo." Hakusema zaidi, na binti alivaa bila kuuliza. Ndani ya mfuko kulikuwa na daftari la mizani lililofungwa kwenye foronya. Lilikuwa na ushahidi wote alioutaka. Lilikuwa pia na neno moja ambalo Mama Mizani aliomba kila siku, kwa miaka arobaini, binti huyu asije akalisoma.

Kituo cha mizani kilikuwa kwenye barabara ya kutokea mjini. Lori lenye mzigo lilipanda juu ya jukwaa la chuma, mshale ukazunguka, naye akaandika: namba ya gari, saa, aina ya mzigo, uzito. Likirudi tupu lilipimwa tena, na tofauti ndiyo mzigo. Kazi nyepesi, ungesema. Tatizo lilikuwa watu. Ukipima lori la mchanga huku vibarua kumi wamelala juu yake, umeupa mchanga kilo zisizo zake. Ukutani palikuwa pameandikwa WATU WOTE WASHUKE KABLA YA KUPIMA, vibarua wakasoma, wakacheka, wakabaki wamelala. Basi makarani wakajiwekea desturi yao. Pembeni mwa uzito walitia nukta ndogo, na mbele ya nukta idadi ya vichwa vilivyokuwamo garini, dereva akiwemo. Wakati wa kujumlisha, kila kichwa kilitolewa kilo sitini na tano. Uwe jitu la miraba minne au mwembamba kama ufito, sitini na tano. "Kichwa ni kichwa," karani mkuu alimfundisha siku yake ya kwanza. "Ukianza kuchagua vichwa, utakesha hapa." Nukta ile haikuwa kwenye kanuni yoyote iliyochapwa. Wakaguzi waliipita wakidhani ni wino umedondoka.

Na ndugu yake, baba wa binti, alikuwa fundi viatu. Ugonjwa wa utotoni ulimnyausha mguu wa kushoto, akawa anajiburuta kwa mikono, amekalia kipande cha tairi, na mji mzima ukamwita Fundi Tairi. Alikaa kwenye ngazi za posta na kikasha chake cha misumari. Hakuomba mtu senti. Watu ndio waliomwomba, soli zikishawaacha njiani. Mke wake alifariki mapema akamwachia mtoto. Siku za Jumamosi alidandia gari la manispaa mpaka kituoni kumsalimia dada yake, na kabla ya salamu alijiburuta mpaka katikati ya jukwaa la mizani, akainua macho kuutazama mshale. Mizani ile ilizoea malori. Mshale ulitikisika kidogo, ukalala palepale kwenye sifuri.

"Umeona, Dada?" alisema kila mara. "Mizani ya serikali hainioni."

Walicheka mpaka machozi. Kicheko hicho Mama Mizani angetoa chochote akirudishe kilikotoka.

Afisa wa Kumbukumbu alikuwa mtu wa makamo, mwenye tai na kitambulisho kinachoning'inia kifuani, mpole kwa namna ya watu waliofunzwa upole kwenye semina. Aliinuka, akampa Mama Mizani shikamoo yake, akawavutia viti. Mezani alikuwa amepanga vitu vilivyokwisha kuletwa: sahani yenye nembo ya mkutano, skafu ya mhudumu wa mapokezi, picha ya kwaya.

"Nawe Bibi umetuletea nini?"

"Kwanza niambie. Ile namba ya kwenye ngazi mmeipata wapi?"

"Ile ni ya uhakika kabisa, Bibi. Imetoka kwenye taarifa rasmi ya mizani. Tunajivunia sana namba ile."

"Niliijumlisha mimi."

Uso wa Afisa ulichangamka. Alitoa simu yake akaiweka katikati ya meza irekodi, akasema watu kama yeye ndio hazina ya taifa, akauliza kama angekubali kupigwa picha chini ya bango. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mama Mizani aliufungua mfuko, akaivua foronya, akaliweka daftari juu ya skafu ya mhudumu.

"Hii ni nyaraka ya serikali," Afisa alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Imefikaje kwako?"

"Kituo kilipofungwa waliamuru yachomwe. Yalikuwa kumi na mawili. Nilipewa kiberiti, nikachoma kumi na moja."

Alifunua mpaka Jumatano ya wiki ile, akaweka kidole. Mistari mitatu, magari matatu, yote kati ya saa sita na saa saba mchana. Afisa alisoma kwa sauti. Binti aliinama juu ya bega lake naye akasoma, na matumaini yakamtoka usoni.

"Taka. Taka. Taka," Afisa alihesabu. "Hii inathibitisha bango letu, Bibi."

"Shangazi," binti alisema. "Baba yangu yuko wapi hapa?"

"Pembeni. Angalieni pembeni."

Akawaeleza nukta. Aliieleza polepole, kama alivyoelezwa yeye siku ile ya kwanza, na kidole chake kikapita juu ya zile namba ndogo: thelathini na nne, thelathini na moja, ishirini na tisa. Kisha akashuka mpaka saa kumi na moja jioni, magari yaleyale yakirudi tupu. Nne. Nne. Nne.

"Dereva, utingo, na askari wawili kila gari," alisema. "Walikwenda tisini na wanne. Wakarudi kumi na wawili."

Feni ilizunguka juu yao. Afisa aliichukua simu yake mezani, akaitazama, akazima kurekodi.

"Huenda walikuwa vibarua wa usafi, Bibi."

"Na hao themanini na wawili waliobaki huko, waliolewa?"

Afisa hakucheka. Wala Mama Mizani hakuwa anatania. Kila mtu mwenye umri wake mjini alilijua jambo lile, na kila mtu alivaa miwani ya mbao. Wiki ya mkutano ilitoka amri kwamba wageni wasione kiwete, kipofu, kichaa wala mtu aliyelala barazani. Walikusanywa mchana kweupe, sokoni, stendi, kwenye milango ya nyumba za ibada. Magazeti yakaandika kwamba mji umesafishwa. Wakapelekwa nyika ya ng'ambo ya mto, zaidi ya kilomita mia, wakashushwa pasipo kisima wala kibanda, magari yakageuza. Wiki tatu baadaye watano walirudi kwa miguu, midomo imepasuka, wakasimulia. Watano hao walikuwa na miguu.

"Bibi," Afisa alisema, "na wewe dada yangu. Nawaelewa. Lakini nchi ilikuwa changa, ilikuwa inatafuta heshima mbele ya watu. Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Tukianza kufukua makaburi leo, itamsaidia nani?"

"Tuonyeshe yalipo," binti alisema, "halafu ndiyo utukataze kuyafukua."

Afisa alirekebisha tai yake ambayo haikuwa na kosa lolote. Alitafuta njia nyingine, akaipata. Alisema hasemi kwa ubaya, ila waraka ni waraka, na waraka huu unasema taka. Nukta zinaweza kuwa chochote. Angekuwepo basi huyo karani aliyeandika, akaweka sahihi kwamba aliona watu, hapo lingekuwa jambo jingine. Lakini makarani wa miaka ile wako wapi sasa.

Alikwisha kusahau kile alichoambiwa dakika kumi kabla. Binti hakusahau. Alikuwa bado ameinama juu ya daftari, kucha ikifuata nne moja iliyofungwa juu kama hema na mkia uliopinda kushoto. Alifundishwa kuandika nne namna hiyo akiwa na miaka sita, mezani, kwa mkono ulioushika mkono wake. Hakuwahi kukutana na mtu mwingine duniani anayeiandika hivyo.

"Ni mwandiko wako," alisema.

"Ni wangu."

"Hata hili neno."

"Hata hilo."

Binti alijiinua taratibu. "Ulimwona?"

Hapo ndipo Mama Mizani angeweza kudanganya. Turubai lilikuwa limefungwa, angeweza kusema. Sikujua ni akina nani. Dunia nzima ingemwamini, na pengine ushahidi ungepita vilevile. Lakini alikuwa amechoka kulala na uongo ule kitanda kimoja.

"Nilimwona. Turubai lilikuwa limeachia upande wa dirisha langu. Alikuwa ameshika kiatu cha mteja, cha kahawia, hakina kisigino. Akaniita. Akasema, 'Dada, waambie mimi ni fundi. Waambie nina viatu vya watu.'"

"Ukawaambia?"

"Karani mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikamwuliza, aina ya mzigo niandike nini. Akatazama ukuta. Akasema andika taka. Nikaandika. Kisha nikainua kizuizi, wakapita." Aliutazama mkono wake wa kulia uliolala juu ya meza. "Nukta nilizitia kwa mazoea tu. Sikuzitia kwa ushujaa, usije ukanisifu. Nilijiambia watawekwa kambini mpaka wageni waondoke. Ilipofika saa kumi na moja gari lile limerudi, nikachungulia nihesabu vichwa, nikaandika nne. Hapo nikajua. Ijumaa nilitaka kuzitoa kilo za vichwa, karani mkuu akaniambia acha kama ilivyo. Nikaacha. Jioni hiyo nikaja kukuchukua kwa jirani."

Binti alikwenda mpaka dirishani akawapa mgongo. Afisa akaanza kupanga upya sahani na picha ya kwaya.

"Barua zangu zote nne," binti alisema mwishowe, akiongea na kioo, "nilikuletea uzisome kabla sijazipeleka."

"Ulileta."

"Ukanirekebishia na mikato."

Kuna makosa mtu anayafanya mara moja kwa woga, na hayo yanaweza kuombewa radhi. Kukaa na mtoto wa mtu miaka arobaini, unamlisha, unamtazama akitafuta, na kitu chenyewe kiko chini ya kitanda chako, hilo si kosa la mara moja. Hilo Mama Mizani alilifanya kila asubuhi. Na kama angelaumu serikali peke yake leo, angekuwa hana tofauti na lile bango.

Afisa alikohoa. Kwa upole wake uleule alipendekeza kwamba daftari libaki ofisini kwa uhifadhi, maana karatasi za zamani zinaharibika. Ikiwapendeza wakubwa, alisema, lingeweza hata kuonyeshwa, kwenye kona ya Usafi wa Mji.

Mama Mizani alilichukua daftari akaliweka mapajani.

"Wewe mwanangu una roho ngumu au una mshahara mzuri, sijui ni lipi," alisema. "Usafi. Themanini na wawili waliozaliwa na mama zao, na mmewatundika kwenye ngazi watu wapige nao picha. Umesema karani akija aweke sahihi. Karani ndiye huyu. Lete fomu."

"Bibi, ukiandika hayo uliyoyasema utakuwa unajishtaki mwenyewe."

"Nilikuwa nadhani hujanielewa, kumbe umenielewa. Lete."

Fomu ilikuja, shingo upande. Aliandika palepale, kwa mwandiko uleule, magari matatu, vichwa vya kwenda na vichwa vya kurudi, na nani aliyeandika neno taka, na jina la ndugu yake kamili, lile ambalo hakuna mtu wa mjini aliyelijua kwa sababu walizoea Fundi Tairi. Chini yake akapiga hesabu aliyozuiwa kuipiga miaka arobaini iliyopita. Themanini na wawili, kwa sitini na tano. Kilo elfu tano, mia tatu na thelathini. Akaweka sahihi. Akaomba nakala yenye muhuri, na hakuinuka kwenye kiti mpaka muhuri ulipogonga.

Binti alikuwa amegeuka. Alikuwa anaisoma fomu kutoka aliposimama.

"Alikuwa na kilo ngapi?"

"Hakufika hata hamsini. Mguu ulikuwa umekauka."

"Hapo umempa sitini na tano."

"Kila mtu sitini na tano. Kichwa ni kichwa."

"Ulilijua hilo siku ile?"

"Nililijua."

Binti aliitikia kwa kichwa mara moja, si kwa kusamehe, akaichukua nakala akaikunja akaitia kwenye sidiria. Kisha akatangulia kutoka. Hakumshikia shangazi yake mfuko, wala hakumngojea mlangoni.

Mama Mizani alishuka peke yake, mkono mmoja kwenye reli, daftari kwapani. Alidhani atamkuta yuko barabarani, au hatamkuta kabisa, na aliona kwamba lolote litakalokuwa ni haki yake. Lakini binti alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nne, mbele ya bango. Wageni wawili walikuwa wanalipiga picha, na mlinzi wa chini alikuwa anawaelekeza wasimame wapi ili jumba lionekane vizuri. Binti aliingiza mkono mfukoni mwa gauni akatoa chaki yake ya kushonea, ile bapa nyeupe inayoshika kwenye kitambaa chochote, akamnyooshea.

Hakumwita Shangazi. Alisema tu, "Weka nukta yako."

Mama Mizani aliipokea. Mbele ya 412 palikuwa na nafasi ya kutosha, kana kwamba mchoraji aliiacha makusudi. Alitia nukta. Kisha, kwa namba kubwa ambazo hakuwahi kuziandika maishani mwake, akaandika 82.

"Mama, we Mama," mlinzi aliita, akipanda ngazi mbili mbili. "Unaandika nini hapo?"

"Vichwa," alisema Mama Mizani, akaishika chaki vizuri na kuanza kuandika jina la kwanza, la ndugu yake.